Bagamoyo na Njia ya Bara: Mji Mkongwe Ulioachwa na Reli

Kutoka Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, bahari haionekani. Hata hivyo, historia ya Morogoro haielezeki bila kuutaja mji mmoja wa pwani, nao ni Bagamoyo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka huko ilipita chini ya milima hiyo, karibu na ngome ya Kisabengo, mwasisi wa mji wa Morogoro, ndipo ikaelekea Ugogo, Unyanyembe na Ujiji. H. M. Stanley aliiona ngome hiyo mwaka 1871, alipokuwa safarini kumtafuta Livingstone.

Bagamoyo ilitanguliwa na Kaole, makazi yaliyo kilomita chache kusini, ambayo magofu ya msikiti wake hukadiriwa kuwa ya karne ya 13. Mji Mkongwe unaoonekana leo ulikua hasa kutokana na biashara ya pembe na watumwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na mbele ya nyumba kuna milango ya nakshi na baraza. Baraza hizo zilikuwa mahali pa mazungumzo na mapatano. Mnyamwezi, Mzaramo, Mhindi na Mwarabu walipokutana mjini humo, lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na wapagazi waliporejea bara walirejea nacho.

Kwa wanafunzi wa lugha, Bagamoyo ina hadhi ya pekee. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa huko aliyepata kufundisha Kiswahili Berlin, ndiye mwandishi mkuu wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Aidha, padre Charles Sacleux, aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ambayo hadi leo ni hazina ya lahaja.

Jina lenyewe limezua mjadala. Kwa kawaida huhusishwa na *bwaga moyo*. Wapo wanaolifasiri kuwa ni tuo la mpagazi aliyefika pwani na kutua mzigo. Wengine husikia humo kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa. Ieleweke kwamba sarufi haiamui ugomvi huu. Umbo hilo ni kitenzi na yambwa yake. Halimtaji msemaji, wala halisemi kama anabwaga kwa hiari au kwa kulazimishwa. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliolipwa ujira, lakini njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Kuchagua maana moja ni kumnyamazisha mmoja wa wasafiri hao.

Kushuka kwa mji kulikuja haraka. Baada ya vita vya Abushiri vya 1888–1889, Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Boma kubwa lilijengwa Bagamoyo mwaka 1897, lakini reli ya kati ilianzia Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907. Tangu hapo mzigo wa bara haukuhitaji mabega ya mpagazi wala bandari ya Bagamoyo. Hata Kanisa lilifuata mkondo huo: eneo lililoitwa Vikarieti ya Bagamoyo lilifanywa Jimbo la Morogoro mwaka 1953.

Kwa hiyo, haiba ya Mji Mkongwe ina asili chungu. Utulivu unaomvutia mgeni ni utulivu wa mji ulionyang'anywa kazi yake. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia ya kati ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Hapana budi basi kuuhifadhi mji pamoja na njia yake, kwani kuta za matumbawe zilibaki pwani, bali lugha iliyozungumzwa barazani ilikwishapanda hadi Uluguru na kuvuka mbele zaidi.