Mwaka wa Chombo: Upepo, Sherehe na Ushahidi wa Historia ya Wabajuni

Utangulizi

Anayetaka kuandika historia ya klabu ya mashua huanza na madaftari. Klabu za aina hiyo, zikiwemo zile ambazo Wazungu walizianzisha Mombasa na Dar es Salaam wakati wa ukoloni, huwa na orodha ya wanachama, ratiba ya mashindano, na kumbukumbu za mikutano na karamu. Mwanahistoria akipata madaftari ya mwaka mmoja tu anaweza kueleza watu walikutana lini, walishindana lini, na nani alikabidhiwa kombe.

Katika visiwa vya Wabajuni hakukuwa na klabu wala daftari. Visiwa hivi vimejipanga kama mlolongo kandokando ya pwani ya Somalia, kuanzia kusini ya Kismayo kuelekea Ras Kamboni karibu na mpaka wa Kenya. Vinavyojulikana zaidi ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wakazi wake waliishi kwa vyombo: waliviunda, walivitengeneza, walivua kwavyo na walisafiri navyo. Je, jamii kama hii haikuwa na mwaka wa shughuli zake?

Insha hii inadai kwamba mwaka huo ulikuwepo na ulikuwa na mpango. Uliongozwa na upepo na mwezi mwandamo, na sherehe zake zilifanya kazi ambayo leo tungeitegemea ofisi: kukusanya nguvukazi, kulipa madeni, kufunga ndoa na kuthibitisha nani ni wa nani. Insha inadai pia kwamba, kwa kuwa mwaka huo haukuandikwa, kuvunjika kwake kuliwaacha Wabajuni bila ushahidi ambao baadaye waliutakiwa kuutoa.

Kalenda mbili

Watu wa mwambao walihesabu siku kwa kalenda mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya jua. Huanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai, na kutoka hapo siku huhesabiwa kwa makumi: kumi la kwanza, kumi la pili, mpaka makumi thelathini na sita, kisha zikabaki siku tano za kukamilisha mwaka. Hii ndiyo kalenda ya nahodha na ya mkulima. Ilimwambia lini kusi litapungua, lini kaskazi litaanza, lini mvua itanyesha.

Ya pili ni ya mwezi mwandamo, kalenda ya dini. Humo mna Ramadhani, Idi mbili, na Maulidi katika Mfungo Sita. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, sikukuu hizi huzunguka katika majira yote.

Wanahistoria wengi wa pwani huzieleza kalenda hizi mojamoja. Kwa watu wa visiwani jambo kubwa lilikuwa namna zilivyokutana. Tuchukue mfano wa Maulidi ya Lamu, yaliyokuzwa na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, ambayo kwa muda mrefu yamevuta wageni kutoka sehemu nyingi za mwambao. Mwaka 1930 Maulidi yaliangukia mwanzoni mwa Agosti. Mwaka 1950 yaliangukia karibu na mwisho wa Desemba. Kutoka Chovai kwenda Lamu ni safari ya kuelekea kusini. Desemba kaskazi humsukuma msafiri kutoka nyuma. Mwanzoni mwa Agosti kusi humkabili usoni. Maulidi ni yaleyale, lakini mwaka mmoja bahari ilimbeba mtu kuyaendea na mwaka mwingine ilimzuia. Kwa hiyo hata ibada ilipitia kwanza kwenye tanga.

Mwaka wenyewe

Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili na hukaza Juni na Julai. Nje ya miamba bahari huchafuka. Vyombo vikubwa hupandishwa pwani na kuwekwa gadi, na uvuvi hubaki katika maji yaliyokingwa baina ya visiwa na bara. Kwa mgeni huu huonekana wakati wa kukaa bure, kumbe ndio wakati wa karakana. Fundi huangalia mkuku na mataruma, mbao zilizooza huondolewa, chombo hupigwa kalfati na kupakwa sifa. Zamani kazi hii ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu Wabajuni na jirani zao wa Pate walikuwa mabingwa wa mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ususi katika pwani hii ni kazi ya wanawake, hivyo wao nao walikuwa na mkono wao katika safari. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini desturi ya kukusanyika kwenye chombo kilichowekwa gadi haikutoweka nayo.

Siku ya Mwaka ilikuja katikati ya majira haya. Katika mwambao wa kaskazi iliadhimishwa kwa kuogea baharini, kusoma dua na kuzungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja, ili kuuzingua mji na balaa. Kwa upande wa kilimo, Wabajuni walikuwa na vave, tungo ndefu zilizoimbwa na wakulima walipojiandaa kuchoma msitu kwa ajili ya mashamba mapya. Ni kosa basi kumfikiria Mbajuni kuwa mvuvi peke yake, kwa sababu wengi waliishi kisiwani na kulima bara ya mkabala.

Kusi likipungua, majira ya demani hufungua bahari. Huu ulikuwa wakati wa kushua vyombo. Jahazi au mashua iliyokaa pwani haiwezi kuteremshwa na mwenyewe na wanawe. Inataka watu wengi, kamba, magogo ya kuitelezesha, wimbo wa kuvutia pamoja, na kupwa na kujaa kwa maji kunakofaa. Mwenye chombo aliita mji. Dua ilisomwa, chakula kilipikwa, na kila aliyevuta alikula. Hakuna aliyelipwa pesa kwa kuvuta, ila kila mmoja alijua kwamba zamu yake ya kuita watu itafika.

Kaskazi huanza kutulia mnamo Desemba na kuendelea hadi Machi. Huu ni msimu wa safari na wa wageni. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka kwa upepo huo kupitia Mogadishu, Barawa na Kismayo hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar. Visiwa vilitoa papa mkavu, magamba ya kasa na kauri. Kasa walivuliwa kwa ufundi uliowashangaza wageni: mvuvi humfunga kamba chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani, akamwachia agande kwenye gamba la kasa, kisha akavuta kamba. Mtaalamu wa Kiitalia Vinigi Grottanelli aliwaandikia Wabajuni wa Somalia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1955, na ufundi huu umo.

Msimu huu ulileta pesa, na pesa ilileta hesabu. Katika pwani hii pato la chombo hugawanywa kwa mafungu baada ya gharama kutolewa: fungu la chombo, la nahodha, la mabaharia. Hesabu ikifungwa, aliyekopa hulipa, na aliyekuwa akingoja kuoa hupata mahari.

Kazi ya sherehe

Tukizitazama shughuli hizi pamoja tunaona kanuni moja. Kila sherehe ilisimama pale ambapo kazi fulani isingewezekana bila watu wengi au bila watu kuaminiana. Kushua chombo kulihitaji mikono, na karamu ndiyo iliyoileta. Mgawo wa mafungu ulihitaji mashahidi. Arusi na Maulidi ziliwakutanisha watu wa visiwa mbalimbali, na hapo vijana walioana, wazee wakasuluhisha ugomvi, habari za bei na za wafu zikapokelewa.

Zaidi ya hayo, sherehe zilionyesha nasaba. Wabajuni hujihesabu kwa koo, na simulizi zao hutaja koo kumi na nane, baadhi zikiwa na asili ya Kisomali na nyingine zikijinasibisha na Shungwaya, mji wa simulizi ambao wengi huuweka upande wa Burkavo. Nani alikaa wapi, nani aliitwa kwanza na nani alichinja vilimweleza kila mtu nafasi yake. Kile ambacho klabu ilikiandika katika orodha ya wanachama, visiwani kilionekana kwa macho.

Kuvunjika kwa mwaka

Mwaka huu haukuvunjika kwa siku moja. Pigo la kwanza lilikuwa mpaka. Kismayo, iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na baadaye ya Waingereza, ilikabidhiwa Italia pamoja na Jubaland tarehe 29 Juni 1925. Tangu hapo Mbajuni wa Chula na Mbajuni wa Faza, wanaosema lugha moja na kuoana, walikuwa na serikali mbili. Upepo haukubadilika, lakini safari ya arusini iligeuka kuwa safari ya nchi za nje.

Pigo la pili lilikuja baada ya uhuru. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilivihamisha vijiji vya Wabajuni katika bara ya Kenya, na pamoja na vijiji yakaenda mashamba ambayo vave iliimbiwa. Upande wa Somalia, serikali ya Siad Barre ilikifanya Kisomali kuwa lugha rasmi ya pekee mwaka 1972 na ikauingiza uvuvi katika vyama vya ushirika. Hesabu ya mafungu ilianza kupita kwa watu wasiojua desturi yake.

Pigo kubwa kuliko yote lilikuwa vita vya mwaka 1991. Kismayo iligombewa na makundi ya wenye silaha, na Wabajuni, wasiokuwa na jeshi la ukoo, waliporwa vyombo na nyumba. Wengi walikimbia kwa vyombo vilevile hadi Lamu, Malindi na Mombasa. Walikaa katika kambi za pwani kama Utange, Marafa na Jomvu hadi kambi hizo zilipofungwa katika muongo huohuo. Baadhi walirudi visiwani na kukuta walowezi wenye silaha wameshika mali yao.

Kutakiwa ushahidi

Hapo ndipo kukosekana kwa daftari kulipogeuka kuwa jambo la maisha. Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza na kwingineko Ulaya katika miaka ya 1990 na 2000 walifika aghalabu bila hati yoyote. Waliulizwa maswali ya visiwa, ya koo, ya vyakula na ya uvuvi, na sauti zao zilirekodiwa ili Kiswahili chao kichunguzwe kama ni cha Somalia au cha Kenya. Swali la Mbajuni asiyejua Kibajuni lilifika mpaka mbele ya majaji wa rufaa za uhamiaji huko Uingereza.

Ugumu wake unaeleweka ukiijua kalenda. Kijana aliyekulia kambini Mombasa hakuwahi kushua chombo Koyama. Lugha na desturi zilifundishwa katika shughuli ambazo kwake hazikuwepo tena. Na mzee aliyehesabu umri na safari zake kwa kusi na kaskazi, akiulizwa tarehe, jibu lake laweza kuonekana la kukwepa, hali yeye amejibu kwa usahihi katika kalenda yake.

Bahari yenyewe sasa inajadiliwa kwa nyaraka. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu juu ya mpaka wa bahari baina ya Kenya na Somalia. Mahakama ilitazama mikataba, ramani na barua za serikali, kama ilivyo kazi yake. Mwaka wa chombo, ambao uliwaunganisha watu wa pande zote mbili za mstari huo, haukuwa na hati ya kuwasilisha.

Hitimisho

Klabu na kisiwa vilikuwa na jambo moja la pamoja: watu wa vyombo waliokutana kwa ratiba. Tofauti ni kwamba ratiba ya klabu imo kabatini na ya kisiwa imo vichwani mwa wazee, ambao wengi wao sasa wanaishi mbali na visiwa, katika miji ya pwani ya Kenya na hata Ulaya. Sisi wanafunzi wa historia tunaosoma Kiswahili tuna faida moja: tunaweza kuwauliza kwa lugha yao. Badala ya kuanza na "Ilikuwa mwaka gani?", tuanze na "Lilikuwa kusi au kaskazi?" Majibu yakikusanywa kumi baada ya kumi, tangu Siku ya Mwaka hadi zile siku tano za mwisho, tutapata daftari ambalo Mbajuni anayeulizwa atokako hakuwa nalo mkononi.