Kuhamia Kanombe: namna ya kuvusha vyombo vya nyumbani bila kukwama mpakani

Anayehama kutoka Kampala, Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kanombe, Kigali, mara nyingi hupoteza muda na fedha zaidi kwenye karatasi kuliko barabarani. Barabara zinajulikana na nauli ya lori hupatanwa. Yanayokwamisha ni mambo matatu: orodha ya vyombo ambayo haikuandikwa, bidhaa za biashara zilizochanganywa na vyombo vya nyumbani, na vifungashio vya plastiki ambavyo Rwanda imevipiga marufuku.

Kanombe iko wilaya ya Kicukiro, mashariki ya jiji, na ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kigali. Wengi huuita uwanja huo kwa jina la mtaa tu. Jirani kuna Kabeza, Busanza na Nyarugunga, na upande wa Masaka iko bandari kavu ya DP World iliyozinduliwa Oktoba 2019. Hivyo eneo hili hupokea wageni wa aina mbili: wanaoshuka kwenye ndege na mabegi mawili, na wanaofika na lori zima la makabati, magodoro na majiko. Maelezo haya yanawahusu zaidi hawa wa pili, pamoja na wasafirishaji wanaowabebea.

Orodha kwanza, maboksi baadaye

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inamsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi yake kwa nia njema. Msamaha unahusu nguo, vitu vyake binafsi na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka. Rwanda ilijiunga na Jumuiya tarehe 1 Julai 2007 na kuingia katika Umoja wa Forodha mwaka 2009, kwa hiyo sheria ni ile ile anayoijua wakala wa Malaba au Namanga.

Msamaha huo una masharti. Mwenye vyombo awe ametimiza miaka 18. Vyombo viwe vyake na viwe vimetumika. Tena vifike pamoja naye au ndani ya siku 90 tangu alipowasili. Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda, lakini jumla isizidi siku 360 tangu siku ya kuwasili.

Sharti la siku 90 ndilo linalowaponza wengi. Baba hutangulia Januari kuanza kazi au kufungua duka, akapanga nyumba Kabeza, na mama na watoto wakabaki nyuma hadi shule zifungwe. Lori linapofika mpakani mwezi Julai, siku zimekwisha na hakuna aliyeomba kuongezewa. Maombi ya aina hiyo hupelekwa kabla muda haujapita, yakieleza sababu. Kwa ajili hiyo hiyo ni afadhali anayehama atumie pasipoti. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na kwa safari ya kawaida kinatosha. Lakini muhuri wa pasipoti ndio ushahidi rahisi wa tarehe ya kuingia pale forodha inapoanza kuhesabu siku.

Orodha yenyewe iandikwe chumba kwa chumba, kila boksi likiwa na namba yake. Vyombo vya umeme viandikwe aina na namba ya mtambo iliyobandikwa nyuma: friji, televisheni, mashine ya kufulia. Thamani ya makisio iwekwe hata kama kitu ni kikuukuu, kwani ofisa asiyekuta bei atakadiria yake. Nakala zisipungue nne: ya wakala wa forodha, ya dereva, ya forodha wenyewe, na ya mwenye mali anayebaki nayo mfukoni. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini orodha iliyoandikwa kwa Kiingereza husomwa haraka zaidi dirishani. Pamoja na orodha ziwepo barua ya kazi, kibali cha kuishi au hati za biashara, mkataba wa nyumba mpya, na chochote kinachoonyesha alikokuwa akiishi.

Gari nalo lina kipengele chake. Sheria inaruhusu gari moja, ilimradi mwenyewe alilimiliki na kulitumia nje ya nchi anayohamia kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za melini. Mabasi ya abiria zaidi ya 13 na magari ya kubeba zaidi ya tani mbili hayamo. Gari likisamehewa ushuru kisha likauzwa kwa mtu asiye na haki hiyo, ushuru hudaiwa. Aidha, Rwanda huendesha upande wa kulia, na kwa miaka mingi imekuwa na masharti makali kuhusu magari yenye usukani wa kulia. Anayetaka kuja na gari la Mombasa au Dar aulize Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla ya kulipakia.

Duka lisipande lori la nyumbani

Hapa ndipo wafanyabiashara hujiumiza. Msamaha hauhusu bidhaa za kuuza, wala vitambaa vya jora, wala pombe na tumbaku isipokuwa kiasi kidogo cha msafiri. Chukulia mama anayeuza vitenge Kampala na anahamia Busanza. Lori lina nafasi, kwa hiyo anajaza majora 40 kati ya makochi na kuandika "mashuka na mapazia". Anaona ameokoa nauli ya safari ya pili. Ofisa akifungua turubai, kinachotiliwa shaka si vitenge peke yake bali orodha nzima, na lori husimama huku gharama za kila siku zikiongezeka. Kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha sheria hiyo, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000. Faini ya namna hiyo inazidi mtaji wa maduka mengi.

Njia halali wala si ngumu. Bidhaa zifungwe peke yake, ziwe na ankara yake na tamko lake, hata kama zinapanda lori lile lile. Iwapo zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zimo katika orodha ya pamoja ya bidhaa, na thamani yake haizidi dola 2,000, mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani. Vitenge vilivyotoka China au India haviingii humo, na hilo lijulikane mapema.

Msafirishaji naye asijione yuko nje. Dereva ndiye anayesimama dirishani, na lori ndilo linaloshikiliwa. Mwenye lori mwenye busara hapokei boksi ambalo mwenyewe hawezi kusema lina nini, na humtaka atie sahihi orodha kabla ya turubai kufungwa.

Plastiki

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vya kutumika mara moja. Kenya ilifuata mifuko Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019. Hata hivyo anayehama kwa haraka bado hufunga sahani kwa mifuko ya laini na magodoro kwa nailoni. Mpakani vitu hivyo hufunguliwa na kuondolewa, na godoro humaliza safari likiwa wazi kwa vumbi na mvua. Magodoro yashonewe mashuka ya zamani au magunia ya katani. Vyombo vya udongo vifungwe kwa magazeti, vitenge na taulo, vitu ambavyo vingebebwa hata hivyo. Kwa anayekuja kwa ndege, mfuko wa duka la uwanjani alikotoka huchukuliwa pale pale Kanombe.

Mpaka upi?

Kutoka Mombasa kupitia Nairobi, Malaba, Kampala na Gatuna hadi Kigali ni takriban kilomita 1,700. Kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Rusumo ni takriban 1,500. Wengi wanaotoka Uganda huchagua Gatuna bila kufikiri kwa sababu ni karibu, kilomita 80 hivi kutoka Kigali. Lakini barabara ya Gatuna huingia jijini upande wa Nyabugogo, na Kanombe iko upande wa pili. Lori lenye samani huvuka jiji zima, vilima na foleni.

Njia ya Kagitumba, upande wa Uganda ikiitwa Mirama Hills, huachana na ile ya Kabale huko Ntungamo. Ni ndefu kidogo, lakini haina kona nyingi za milimani, na hupita Kayonza na Rwamagana hadi Kabuga, karibu na Masaka na Kanombe. Barabara ya Kagitumba–Kayonza–Rusumo, kilomita 208, imekarabatiwa miaka ya karibuni. Lori linalotoka Tanzania kupitia Rusumo hufika kwa mlango huo huo wa mashariki. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Rusumo, pamoja na daraja lake jipya, kilizinduliwa Aprili 2016. Kwa vyombo vinavyovunjika, njia isiyo na kona ni akiba kuliko kilomita chache zilizopungua.

Mipaka hufungwa pia. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mkataba wa kusafirisha vyombo ueleze nani atalipa iwapo lori litalazimika kuzunguka. Wengi huusaini bila kipengele hicho.

Bei ya lori, siku na saa

Samani hujaza lori kabla ya kulilemea. Kwa hiyo kupatana kwa tani hakuna maana: bei ipatanwe kwa lori zima au kwa sehemu ya bodi, na ielezwe kama inajumuisha wapakiaji, utingo na siku za kusubiri mpakani. Rwanda huagiza kuliko inavyouza nje, kwa hiyo malori mengi huondoka Kigali yakiwa tupu au nusu. Anayehama kutoka Kanombe kwenda Dar au Mombasa ana nguvu ya kupatana ambayo anayekuja hana. Msafirishaji anayejua hivyo hupata walau mafuta ya kurudia.

Gari linalovuka liwe na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia inaitumia ingawa si mwanachama. Dereva akumbushwe kwamba akishavuka anahamia upande wa kulia wa barabara, jambo ambalo usiku kwa dereva mchovu si dogo.

Saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja. Saa tatu asubuhi Kampala, Nairobi na Dar ni saa mbili Kigali. Wakala akisema "saa nne", aulizwe saa nne ya wapi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi kwa saa za Kigali. Maduka hufungwa na magari hayatembei ovyo. Lori lililopangwa kushusha Kabeza asubuhi hiyo litasubiri, na vibarua walioahidi hawatakuja kwa sababu nao wako kwenye umuganda.

Kwa wanaopita uwanjani

Familia nyingi hugawanyika: vyombo kwa lori, mama na watoto kwa ndege. Vyeti vya shule na vya kuzaliwa, dawa, hati za nyumba na nakala ya orodha visiwekwe kwenye lori kamwe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe mkononi. Tangu Julai 2016 dozi moja inakubalika kimataifa kwa maisha yote, hivyo kadi ya zamani yenye tarehe ya miaka kumi isitupwe. Anayeondoka Kanombe ajue kwamba ukaguzi huanza langoni, kabla ya jengo la abiria. Watu hushuka na mizigo hukaguliwa, kwa hiyo saa mbili zinazotosha kwingine hapa ni chache.

Kabla ya kukabidhiwa ufunguo

Nyumba ikaguliwe mbele ya mwenye nyumba. Namba ya mita ya umeme, ambayo Kigali huitwa "cash power", iandikwe, na uniti zilizobaki zisomwe na wote wawili. Mita ya maji isomwe pia, maana deni la mpangaji aliyeondoka hubaki pale pale. Mgeni ajitambulishe kwa kiongozi wa umudugudu, ngazi ya chini kabisa ya utawala, siku za mwanzo. Na njia ya kufikia nyumba ipimwe kabla lori halijafika: vitongoji kadhaa vya Kanombe vina barabara za udongo zenye mteremko, na semi haipandi. Hapo hukodiwa gari dogo kutoka barabara ya lami, na gharama yake iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.