Kumeza na Akili: Habari ya Tiba na ya Neno Moja

Mswahili akinywa maji, nayo yakashika njia ya pumzi badala ya njia ya chakula, husema amepaliwa. Akila samaki na mwiba ukanasa kooni, hasemi amepaliwa. Husema mwiba umemsakama. Mambo hayo mawili tiba nayo huyatenga. Lakini neno kupaliwa lachukua kikohozi ndani yake: asiyekohoa, nani atasema amepaliwa? Hapo ndipo penye hatari ya aliyepatwa na kiharusi. Wako ambao chakula, au hata mate yao wenyewe, huingia katika njia ya pumzi bila kikohozi, kisha wakashikwa na kichomi, na jamaa wasijue kilikotoka.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Magendie aligawa tendo la kumeza katika hatua tatu: ya kinywa, ya koo na ya umio. Baadaye ilikubaliwa kwamba kumeza hutawalwa na shina la ubongo. Na kwa kuwa shina hilo huhudumia pande zote mbili, wengi walidhani kiharusi cha upande mmoja wa ubongo hakiwezi kumzuia mtu kumeza. Wagonjwa wenyewe waliikanusha dhana hiyo. Mwaka 1996 Shaheen Hamdy na wenzake wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwa kuchochea ubongo kwa sumaku kwamba kumeza kuna makao katika gamba la ubongo pande zote mbili, ila upande mmoja huwa na nguvu kuliko wa pili, nao si uleule kwa watu wote.

Kabla ya hapo, mwaka 1983, Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alitoa kitabu chake juu ya kuchunguza na kutibu matatizo ya kumeza. Yeye alikuwa mtaalamu wa usemi, si mpasuaji, jambo ambalo wanaisimu yafaa walikumbuke. Alieneza desturi ya kumtazama mgonjwa kwa eksirei huku akimeza chakula kilichotiwa bariamu, na kwa njia hiyo aliyepaliwa bila kukohoa aliweza kuonekana.

Sasa tutazame zoezi moja la tiba hiyo: zuia pumzi, meza, kohoa papo hapo kabla ya kuvuta pumzi. Ni mfululizo wa amri. Mgonjwa ambaye makini yake imetawanyika hushika ya kwanza, na ya pili ikampotea. Ndiyo sababu mafunzo ya akili kwa kompyuta yamekaribishwa. Huko Sweden, mwaka 2007, watu 18 waliopata kiharusi walishirikishwa katika jaribio la kuzoeza kumbukumbu kwa kompyuta kwa majuma 5; waliofunzwa walipata nafuu katika vipimo vya kumbukumbu na makini. Kumeza hakukupimwa. Kwa hiyo mafunzo ya namna hiyo yafaa yafuatane na mazoezi ya koo, wala yasishike mahali pake.

Tena amri ni lugha. Mfasiri akiandika “kata pumzi” mahali pa “zuia pumzi”, mgonjwa atadhani anaagizwa kufa. Napendekeza “kupaliwa kimya” kuingizwe katika orodha zetu za istilahi, na amri zenyewe zisomwe mbele ya wazee wasemaji wa lugha kabla hazijatiwa katika kompyuta.