Pande, msitu wa matembezi nyuma ya Tegeta

Mkazi wa Tegeta anayetaka kutembea chini ya miti ya asili hana haja ya kukata tiketi ya basi la mkoani. Akiiacha Barabara ya Bagamoyo na kushika njia ya Madale, akapita vibao vya viwanja vinavyouzwa na nyumba ambazo bado hazijapigwa plasta, atafika Mabwepande. Huko, mahali ambapo jiji linaishiwa pumzi, ndipo lilipo Pori la Akiba Pande.

Pori la akiba ni daraja kubwa la hifadhi. Selous ilibeba jina hilo kwa miongo mingi, nayo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000. Pande haifiki hata kilomita za mraba 20, na pande zote imezungukwa na watu. Dar es Salaam iliyokuwa na wakazi takriban 273,000 katika sensa ya 1967 ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu 5,383,728. Kwamba msitu huu mdogo bado umesimama ni jambo la kushangaza, na historia yake inastahili kujulikana na kila anayeishi Tegeta, Bunju, Goba au Mbezi.

Pande ni mabaki. Mwaka 1862, Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga mji wake kando ya bandari ya Mzizima, misitu ya pwani ilikuwa bado imetapakaa kwenye vilima vya nyuma ya mji. Misitu ya namna hii hupatikana kwa vipande vipande kuanzia Somalia hadi Msumbiji, na wanasayansi wanaihesabu miongoni mwa maeneo yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingineko duniani. Upande wa kusini-magharibi wa jiji vimebaki vipande vya Pugu na Kazimzumbwi. Upande wa Tegeta kimebaki Pande.

Ndani yake anaishi komba wa Rondo. Mnyama huyu ana uzito wa kama gramu 60 tu, mkia wenye manyoya kama brashi ya kusafishia chupa, na hutoka usiku kutafuta wadudu. Jina amelipata kutoka nyanda za juu za Rondo mkoani Lindi, na wataalamu walimtambua rasmi kuwa spishi ya pekee katika miaka ya 1990. Haishi nje ya Tanzania. Misitu anamojulikana ni michache na iko mbalimbali, na amewahi kuwekwa kwenye orodha ya nyani na jamii zao 25 walio hatarini zaidi duniani kote. Jambo hilo peke yake lingetosha kuufanya msitu huu kuwa fahari ya Kinondoni na Ubungo, lakini ni watoto wangapi wa shule za Tegeta wamewahi kuambiwa?

Kutembea kwa miguu, kwa kweli, si jambo geni katika ukanda huu. Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na njia ya kati ya miji hiyo miwili ilipita pwani hii hii. Zamani zaidi watu walikwenda kwa mguu kati ya vijiji kama Kunduchi, ambako magofu ya msikiti wa karne ya 15 na makaburi yenye nguzo bado yapo. Huko Pugu, Julius Nyerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Francis kuanzia mwaka 1953 hadi alipojiuzulu Machi 1955 ili aitumikie TANU, na wazee husimulia jinsi alivyokuwa akiteremka mjini kwa mguu kuhudhuria mikutano, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Oktoba 1967, akiwa rais, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha.

Hayo yote yalikuwa matembezi ya kazi, ya biashara au ya siasa. Msituni watu waliingia kutafuta kuni, dawa, miti ya kujengea, na baadaye mkaa. Kuingia msituni ili kupunga upepo tu, kutazama ndege, kisha kurudi nyumbani mikono mitupu ni desturi mpya, na hata leo kuna wazee watakaouliza umepoteza nini huko.

Mkaa ndio ulioitesa Pande. Jiji lilipika kwa mkaa, na msitu ulio jirani na jiji ulikuwa wa kwanza kukatwa. Pande ilikuwa hifadhi ya misitu kwa miaka mingi, lakini ilikuwa na walinzi wachache na wakataji wengi. Mwaka 1990 ilipandishwa daraja kuwa pori la akiba na kuwekwa chini ya sheria ya wanyamapori, ambayo ina askari wenye silaha na adhabu kali zaidi. Tangu hapo mtu hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Uamuzi huo uliokoa miti. Ulimweka pia mwananchi wa kawaida nje ya uzio ambao hakuuona kwa macho.

Msitu usio na watembezi hupata wageni wa namna nyingine. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi mmoja waliuawa katika msitu wa Pande, na kesi iliyowahusu maofisa wa polisi ikaendelea miaka mingi hadi kufika Mahakama ya Rufani. Juni 2012 Dkt. Steven Ulimboka, aliyekuwa akiongoza mgomo wa madaktari, alitekwa na kukutwa Mabwepande akiwa amejeruhiwa vibaya. Kwa mkazi wa jiji anayesoma magazeti, jina la Pande na la Mabwepande yakawa majina ya kutisha. Katika mwaka huo huo wa 2012 Mabwepande ilikuwa inapokea maisha mapya: serikali iliwahamishia huko wakazi wa bonde la Msimbazi, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu zaidi ya 40. Familia zilizotoka Jangwani na Kigogo zilianza upya kwenye mahema, jirani na msitu ambao hawakuufahamu.

Nairobi imepita njia hii hii. Msitu wa Karura ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, mwaka ule ule ambao huko Uingereza vijana wa viwandani walipanda kwa nguvu mlima wa Kinder Scout kudai haki ya kutembea kwenye ardhi ya mabwanyenye, na baadhi yao wakafungwa. Mkoloni aliyekuwa akibishaniwa njia za miguu nyumbani kwake alikuwa akigawa misitu ya Afrika bila kuwauliza wenyeji. Miaka ya 1990 Karura ikawa mawindo ya waliogawiwa ardhi ya umma kwa siri. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche, na Januari 1999 wakapigwa hadi damu ikawatoka.

Msitu ulinusurika, lakini ulibaki mahali pa kuogopwa, penye vibaka na maiti zilizotupwa. Kilichoubadilisha ni kundi la wananchi, Friends of Karura, lililoshirikiana na idara ya misitu. Waliweka uzio, wakawaajiri vijana wa vitongoji jirani kuwa walinzi, wakachonga njia na kutoza kiingilio kidogo. Kuanzia mwaka 2011 familia zilianza kumiminika. Leo njia zake zinazidi kilomita 50, na mwanamke anaweza kutembea huko peke yake asubuhi. Macho ya watembezi yamefanya kazi ambayo bunduki za askari zilishindwa kuikamilisha.

Pande inaelekea huko, ingawa polepole. Tangu Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ianze kazi mwaka 2016, pori hili limekuwa likitangazwa kwa matembezi ya siku moja, kuendesha baiskeli na kupiga kambi. Kule ng'ambo ya jiji, Pugu na Kazimzumbwi zilipandishwa mwaka 2020 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na wikendi makundi ya watembezi kutoka mjini hupanda vilima vyake. Watembezi wapo tayari. Klabu za jogging za Temeke na Kinondoni zimejaa watu tangu alfajiri ya Jumamosi, na tangu serikali ilipoanzisha kampeni ya mazoezi Desemba 2016, Jumamosi ya pili ya mwezi imekuwa siku ya kukimbia na kutembea. Wengi wao hukimbia pembeni mwa lami, wakivuta moshi wa malori, wakati msitu upo.

Anayetaka kwenda Pande achague miezi ya Juni hadi Septemba, masika yakishapita na njia za udongo kukauka. Vilima vyake si vya kuchosha, na mtu mzima mwenye viatu imara na chupa ya maji atamudu. Aende mapema, jua likiwa bado dogo, kwa sababu ndipo kima na ndege wanapoonekana. Komba wa Rondo hatamwona, kwa kuwa saa hizo amelala kwenye msongamano wa majani, lakini atakuwa amepita chini ya kitanda chake.

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo haijaandikwa bado, nayo iko Tegeta penyewe. Mito ya upande huu, Tegeta, Mbezi na Mpiji, inateremka kutoka vilima vya magharibi hadi baharini, na kwa miaka mingi imechimbwa mchanga wa kujengea hadi kingo zikaporomoka na nyumba zikaning'inia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye bonde la Msimbazi tayari kuna mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, na ndani yake imepangwa bustani kubwa ya jiji pale Jangwani. Bonde la Tegeta halihitaji fedha za kiasi hicho. Mita 60 za kila upande zikilindwa, zikapandwa miti na kuwekewa njia ya miguu, mtoto wa Madale ataweza kufuata mto hadi kwenye mikoko bila kuvuka barabara kuu zaidi ya mara moja, na manispaa inaweza kuanza na kipande kimoja cha kilomita mbili kabla viwanja vilivyobaki havijauzwa.