Kinga Kwanza, Gongo Baadaye

Kenya iliposhika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo, Barcelona 1971, mchezo huo ulikuwa wa nyasi. Enzi hizo za kina Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne, mchezaji wa ndani alivaa soksi ndefu na vikinga ugoko vyepesi, basi. Golikipa ndiye aliyefungwa pedi za turubai au ngozi, zenye fito za henzirani zilizoshindiliwa pamba au sufi, sawa na zile za kriketi. Wengi walisimama langoni kichwa wazi.

Pedi za namna hiyo ndizo nilizozikuta shuleni, magharibi mwa Kenya. Kamba zake za ngozi zilikwisha katika, tukawa tunazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mvua ikinyesha, sufi ilikunywa maji na miguu ikagoma kunyanyuka.

Mabadiliko yaliletwa na uwanja. Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 ilikuwa ya kwanza kuchezesha magongo kwenye zulia la plastiki. Kenya haikucheza, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo. Juu ya zulia mpira hukimbia bila kupunguzwa kasi na nyasi. Kufikia miaka ya 1990, wapigaji wa kona fupi, yaani kona ya adhabu, walikuwa wameshika mbinu ya kuuburuta mpira kwa gongo na kuurusha juu, usawa wa kichwa cha mlinzi. Katika mabadiliko hayo henzirani ilitupwa, ikaja sponji nzito isiyonywa maji. Golikipa akavishwa helmeti, na walinzi wa kona fupi wakaanza kufunika nyuso kwa barakoa ngumu. Kila kinga ilizaliwa na hatari yake.

Ndiyo maana siwaambii vijana ninaowafundisha hapa Dzaleka, Malawi, waige wanachokiona kwenye simu. Mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, pakawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Uwanja wetu ni udongo mwekundu wenye changarawe. Mpira hautembei kwa kasi ya zulia, ila ukigonga kokoto huruka upande usioutarajia.

"Mwalimu, kandanda tunacheza pekupeku, huu una nini?" aliniuliza kijana mmoja kutoka Uvira, Kongo. Nilimpa mpira aushike. Una uzito wa gramu 156 hadi 163, na haubonyei. Akaugonga kwenye ugoko wake, taratibu tu, akaurudisha bila neno.

Lilongwe, kwenye mitumba ambayo Wamalawi huiita kaunjika, vikinga ugoko vinavyopatikana ni vya kandanda. Vingi ni vifupi, vimekusudiwa teke la kiatu. Mimi hutafuta vinavyoshuka hadi kufunika fundo la mguu, maana mpira wa magongo hupenda kupita chini. Navikunja kidogo nikitazama ukingo: plastiki iliyopauka na kuonyesha mistari myeupe itapasuka, hata kama sponji ya ndani bado nzima. Kinga ya meno sinunui ya mtumba. Huwa mpya, hulainishwa kwa maji moto na kung'atwa ishike umbo la meno ya mwenyewe.

Sheria za kimataifa zinawashauri wachezaji walinde magoko, vifundo na meno. Kwa golikipa aliyevaa kamili, helmeti, pedi za miguu na vifuniko vya viatu ni lazima. Sisi hatuna seti hiyo, kwa hiyo hatuweki golikipa: tunacheza na malango madogo, na kuinua mpira ni kosa. Ewe mwalimu au mzazi unayetaka kuanzisha mchezo huu, usimsimamishe mtoto langoni kwa ujasiri wake peke yake. Gongo waweza kulichonga kwa mti, meno hayachongwi.