Kovu la Ndui

Marehemu mama yangu alikuwa na kovu mkono wa kushoto, karibu na bega. Utotoni nilidhani ni la moto. "Hili la ndui," akinambia, nami nikistaajabu, kwani uso wake haukuwa na tundu hata moja. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa kovu lile lilikuwa la kuchanjwa, si la kuugua. Kitenzi ni kile kile: huchanjwa kuni, huchanjwa chale, na huchanjwa mtu ili apate kinga.

Lakini kinga ya nini? Tangu maradhi ya korona, mabarazani petu halikatiki swali hili: mbona fulani alichanjwa na bado akaugua? Swali si jipya. Historia ya ndui ililijibu zamani.

Ndui kali ikiua watu wapatao watatu katika kila kumi walioipata bila ya chanjo, na wengi waliosalimika ikiwaachia makovu, wengine upofu. Mwezi wa Mei 1796, huko Uingereza, tabibu Edward Jenner alitwaa usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mkamuaji maziwa, akamchanja nao James Phipps, mtoto wa miaka 8. Wiki chache baadaye alimtia ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Jenner akaamini kwamba kinga hiyo ni ya maisha.

Hapo alikosea. Haikupita miaka mingi ila wakaonekana watu wazima, waliochanjwa wangali wachanga, wakishikwa na ndui. Wapinzani wakapata la kusema: chanjo ni bure! Wengine walitazama kwa makini zaidi, wakatambua kuwa kinga huchakaa na yafaa kufanywa upya. Ndiyo maana sheria ya Ujerumani ya 1874 iliamuru mtoto achanjwe uchangani, kisha arudiwe akifika miaka 12.

Hesabu iliyo wazi ilikuja baadaye. Thomas Mack alichunguza ndui iliyoingizwa katika nchi za Magharibi baina ya 1950 na 1971. Katika wagonjwa ambao hawakuchanjwa kamwe, walikufa 52 kwa kila 100. Waliochanjwa katika miaka 10 iliyotangulia, hawakufika 2 kwa 100. Na wale ambao chanjo yao ilikwishapita miaka 20, walikufa 11 kwa 100. Tuitazame hesabu hii ya mwisho. Watu hawa chanjo haikuwazuilia kuambukizwa, kwani wote waliugua. Hata hivyo wengi mno iliwaokoa na mauti. Kingamwili za damuni hupungua kwa miaka, na adui akapata upenyo. Lakini mwili uliokwisha kumjua haumsahau upesi, humkabili kabla hajatamalaki. Chanjo za korona nazo zilionesha mwendo huo huo: kinga dhidi ya kuambukizwa ilififia katika miezi, na ile dhidi ya ugonjwa mkali ikadumu zaidi.

Mlango wa mwisho wa ndui ulifungwa pwani hii hii ya Afrika Mashariki, katika mji wa Merka, Somalia. Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mwenye miaka 23, alipanda gari iliyochukua watoto wawili wagonjwa ili amwoneshe dereva njia. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Aliwahi kufanya kazi pamoja na wachanjaji, lakini mwenyewe hakuwa na kinga. Baadaye alikiri kuwa aliogopa maumivu. Akashikwa na ndui. Kwa bahati ilikuwa ya aina isiyo kali, akapona.

Waliokutana naye wakasakwa mmoja mmoja, na katika wiki mbili wakachanjwa watu 54,777 mjini humo na jirani zake. Hakuambukizwa mwengine. Tarehe 8 Mei 1980, Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetoweka ulimwenguni.

Wahenga walinena: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walikusudia vijinga vya moto, lakini neno hilo lina sura mbili, na kwa sura yake ya pili methali yageuka: kinga na kinga ndipo moto uzimikapo. Kinga ya mtu mmoja yaweza kupenyeka. Za mji mzima, zikishikana, humkosesha adui pa kukanyaga.

Maalin aliingia baadaye katika kazi ya kupiga vita polio, akiwasimulia wazazi waliosita vile woga wake ulivyomponza. Alifariki 2013, kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.

Mikononi mwa vijana wetu kovu la ndui halipo. Halipo kwa sababu wazee wao walikubali kulibeba.