Marimba ya Bagamoyo Kwenye Spika za Nyumbani

Marimba ya Wagogo, ambayo wenyewe huiita ilimba, ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Kidole gumba kikibonyeza ulimi wa chuma na kuuachia, sauti hutoka safi, kisha utando hutetemeka na kuongeza mvumo mwembamba kama wa nyuki. Ndimi nyingine ambazo hazijaguswa huitikia. Mgeni anaweza kudhani spika imechanika, kumbe mpigaji anautaka mvumo huo na huutafuta kwa makusudi.

Aliyeizoesha Pwani sauti hiyo ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, na baadaye akafanya makazi Bagamoyo, mji ambako Chuo cha Sanaa, TaSUBa ya leo, kilianzishwa mwaka 1981. Hapo alifundisha na kupiga hadi alipofariki mwaka 2003.

Lakini nyumba nyingi zilimsikia kwanza kupitia redio, na redio ilimpunguza. Kwenye mawimbi ya kati, vituo hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 9. Ili visiingiliane, muziki hukatwa kwenye kilohezi 4.5 hivi, ilhali sikio la kijana hufika 20. Ngoma na sauti ya mwimbaji vilipita. Sehemu kubwa ya mvumo wa utando ilibaki studio. Santuri za awali nazo zilikuwa na dhiki ya namna hiyo: mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mitambo ya wakati ule haikunasa sauti nyembamba kabisa. Kaseti zilifungua mlango kidogo, ila zikaja na kelele yao ya chinichini.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ilihifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kufika kilohezi 20. Albamu ya Zawose iitwayo *Chibite*, iliyotolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996, inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: mvumo umerudi.

Kisha ikaja MP3.

Faili la MP3 huukata muziki vipande vidogo na kutupa kile ambacho sikio linadhaniwa haliwezi kukisikia. Wimbo uliobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde mara nyingi hupoteza kila kilicho juu ya kilohezi 16. Kibaya zaidi ni mdonoo wa ghafla baada ya kimya: kelele ya ubanaji, iliyokusudiwa kujificha nyuma ya sauti, hutangulia, na msikilizaji husikia "sh" fupi kabla ya chuma kulia. Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, ulipotoa diski yake ya majaribio ya sauti mwaka 1988, uliweka ndani yake kastaneti, ala ya kugonganisha yenye mlio wa ghafla kama huo. Marimba ya Bagamoyo ingestahili nafasi hiyohiyo. Ina mdonoo mkali na mvumo mrefu kwa pamoja, mitihani miwili ndani ya noti moja.

Dukani, hata hivyo, mnunuzi wa sabufa Pwani hushawishiwa kwa besi. Muuzaji hufungua wimbo mzito, kioo cha duka kinatetemeka, pesa zinatolewa. Besi haisemi lolote kuhusu faili wala kisimbuzi. Mitambo ya analojia ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, sauti ya kidijitali iliingia sebuleni kupitia visimbuzi, na leo simu huipeleka kwenye spika kwa Bluetooth, ambayo kwa kawaida huibana upya sauti iliyokwisha kubanwa.

Jaribio la haki halihitaji maabara. Chukua wimbo wa marimba kutoka CD, tengeneza nakala ya kilobiti 128, weka sauti zote mbili kwenye kiwango kimoja, kisha mtu mwingine azipige kwa zamu bila kutaja ipi ni ipi. Rudia mara nyingi, maana kubahatisha mara moja ni rahisi. Anayesikiliza asihangaike na wimbo mzima. Asubiri kimya kifupi kabla ya mdonoo, na mkia wa mvumo baada yake.